Jinsi ya Kuhesabu Mbwa Mwitu Bila Kuumwa na Watu

Umepewa kazi Wisconsin, Marekani: useme mbwa mwitu wangapi wauawe msimu wa uwindaji ukifunguliwa. Pole. (Ni wale wa kwenye Biblia, wavaa ngozi ya kondoo, si wetu wa madoa wa Ruaha.) Usithubutu kwenda mkutanoni mikono mitupu. Mfugaji aliyeliwa ndama yupo, mwenye bango la kutetea wanyama naye yupo, na wote wamewahi viti vya mbele.

Kwa hiyo washa kompyuta yenye modeli ya kukadiria idadi yao. Ilishe: wapo wangapi, majike wangapi huzaa, watoto wangapi hufikisha mwaka, wangapi hugongwa na magari. Iamuru iishi miaka hamsini ijayo mara elfu moja, kila mara ikirusha dadu upya, mwaka huu ugonjwa, mwaka ule vifo vya barabarani. Utapata mistari elfu iliyotawanyika kama mkia wa tausi. Usiwaonyeshe! Chora mmoja tu wa katikati, mnene, wa bluu. Wakiiona elfu watasema hujui kitu, na hawatakuwa mbali na ukweli.

Ukiulizwa wabaki wangapi, jibu, "Modeli inasema." Haisemi, lakini nani atajua? Yenyewe hukuambia ukiua hawa watabaki hawa. Kama 350, idadi iliyolengwa na mpango wa jimbo wa 1999, ni wengi au wachache, hilo ni ugomvi wa watu, na kompyuta haina ndama wala bango.

Sasa sehemu ambayo mafundi huiruka. Februari 2021 kiwango kilikuwa 200. Fungu la Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, lilikuwa 81, nao hawakuua hata mmoja, maana kwao ma'iingan, yaani mbwa mwitu, ni ndugu. Wawindaji wengine wakabakiwa na 119. Theluji mbichi ikashika nyayo, mbwa wa kuwindia wakafunguliwa, na sheria ilitaka tangazo la kufunga eneo litangulie kwa saa 24. Wakauawa 218.

Kwenye kompyuta, mwindaji hufika 119 akarudi nyumbani kunywa chai. Kabla hujabonyeza kitufe, tafuta kisanduku cha kujaza saa za tangazo na hali ya theluji. Usipokiona, usiupeleke ule mstari wa bluu mkutanoni.

Msimu ule ulianza Februari 22 na ulipangwa uishe tarehe 28. Ulifungwa tarehe 24.