Namna ya Kuwa Kituko Bila Kufungwa: Mwongozo kwa Mgeni wa Enzi za Malkia Victoria

Tuseme jini mkorofi amekutupa Uingereza, wakati fulani kati ya mwaka 1837 na 1901. Kola imekukaba shingo, mezani kuna uma tatu na kila mmoja una kazi yake, na ukipiga chafya tu majirani wanachungulia dirishani. Unatamani kuasi. Hujakatazwa, ila fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Chagua wazazi

Hili lifanye mapema, kabla ya kuzaliwa ikiwezekana. Mtazame Duke wa tano wa Portland. Chini ya ardhi ya kasri lake la Welbeck, huko Nottinghamshire, alichimbisha mahandaki, na ukumbi mkubwa ambao ungetosha harusi tatu kwa mpigo. Harusi hazikuwepo, kwa kuwa mwenyewe hakutaka kuonana na watu. Milango ya vyumba vyake ilitobolewa matundu mawili ya barua, moja la kuingizia na jingine la kutolea. Husimuliwa kuwa hata daktari alibaki nje ya mlango, akiuliza hali ya mgonjwa kupitia kwa mtumishi. Alifariki mwaka 1879, akiwa bado Duke. Wewe jaribu kuchimba handaki chini ya chumba cha kupanga, uone mwenye nyumba atakuitaje.

Hatua ya 2: Kula chochote, mradi usiwe na njaa

Anayekula panya kwa dhiki huonewa huruma. Anayemla kwa udadisi huitwa mtaalamu. William Buckland, mwanajiolojia wa Oxford, aliwaandalia wageni panya juu ya mkate wa kuchoma. Mwanawe Frank akafuata nyayo. Aliposikia chui wa bustani ya wanyama amekufa na kuzikwa, aliomba afukuliwe, akaletewa mapande ya nyama. Alikiri haikuwa tamu. Mwaka 1860 akashiriki kuanzisha chama cha kuleta wanyama wa ng'ambo ili Waingereza wawafuge na kuwala, na mwaka 1867 serikali ikampa kazi ya ukaguzi wa uvuvi. Samaki hawakuulizwa maoni.

Hatua ya 3: Ukiwa mwanamke, vaa suruali yenye cheo

Lady Harberton na wenzake walianzisha chama cha mavazi ya busara mwaka 1881. Dai lao moja la kimapinduzi: nguo za ndani za mwanamke zisizidi ratili 7, yaani kilo tatu na ushei. Za ndani tu, bado gauni. Mwaka 1898 bibi huyu alifika kwa baiskeli kwenye hoteli moja ya Surrey akiwa na suruali pana, akataka chakula. Mama mwenye hoteli akamwelekeza upande wa baa, wanakokunywa vibarua. Kesi ikafika mahakamani, na mama hoteli akashinda. Wakati huo wanawake wa Wigan waliokuwa wakichambua makaa ya mawe walishavaa suruali kwa miaka mingi. Hao hawakugombania meza. Waligombania kazi yenyewe, hadi wakatuma ujumbe London mwaka 1887 ili bunge lisiwafukuze migodini.

Hatua ya 4: Ikulu usiingie kwa dirisha

Kijana Edward Jones alifumwa ndani ya jumba la Buckingham mwaka 1838, akakimbizwa na kukamatwa mtaani, nguo za ndani za Malkia zikiwa zimesokomezwa katika suruali yake. Wazee wa baraza wakamwachia. Desemba 1840, siku chache baada ya Malkia kujifungua mtoto wa kwanza, yaya akasikia mchakacho usiku. Wakainua sofa, Jones huyo hapo. Alijisifu kuwa ameketi kwenye kiti cha enzi na kumsikia mtoto akilia. Miezi mitatu jela. Akatoka, Machi 1841 akarudi, akakutwa na nyama na viazi. Miezi mitatu tena, safari hii na kazi ngumu, kisha akapakiwa kwenye meli za kivita, aende akachungulie mawimbi.

Hakuchimba kitu, hakula chui. Kosa lake ni kuruka hatua ya kwanza: baba yake alikuwa mshona nguo.