Masaa Saba ya Mama Mkwe

Mama mkwe amesafiri jameni. New York, kulea mjukuu. Ukweni walikutana wakagawana kazi: huyu nauli, huyu sweta, huyu unga wa ugali. Mimi wakanipa tikiti niisome. Ati Baba Kevo amesoma. Nilisomea friji, lakini ni nani aliuliza?

Tikiti yenyewe si ngumu. Kutoka Nairobi, saa tano usiku na kitu. Kufika, saa kumi na mbili asubuhi na kitu. Hesabu vidole. Masaa saba! Si hiyo ni basi ya Mombasa? Nikasimama mbele ya wakwe, kifua mbele: Mama, vaa tu vile viatu vipya. Chapati mbili zinatosha. Akavivaa. Vya kubana.

Sasa ni nani angenishtua kwamba mwezi wa Januari New York iko nyuma yetu masaa nane? Kwamba ndege inakaa hewani masaa kumi na tano? Labda iliandikwa, kwa herufi za kusomwa na siafu. Mombasa ni kilomita 480 hivi. Huko ni karibu 11,800! Na kabla ya Oktoba 2018 hata ndege ya moja kwa moja hatukuwa nayo. Watu walishuka London ama Dubai, wakasinzia kwenye viti. Enzi hizo hakuna mkwe angenisumbua na hesabu.

Alfajiri nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikachoma bando kufuata kale kandege kwenye simu. Kako wapi? Moroko! Nikachukua atlasi ya Kevo, nikapiga rula: Nigeria, Mali, Mauritania, bahari. Moroko inaingiaje? Nikaandika kwenye grupu ya ukweni: "Rubani amepotea. Ombeni." Mama mdogo akaanza kufunga. Halafu katoto ka kidato cha pili kakanijibu: "Anko, dunia ni mviringo. Nyoosha uzi kwenye globu, utapita Moroko." Vicheko mpaka simu ikazima. Watu nimewachangia harusi!

Saa nane mchana na kitu mama mkwe akapiga mwenyewe. Miguu imevimba. Chapati ziliisha kabla ya Sahara. "Baba Kevo," akasema polepole, "hayo masaa saba yako unanunua wapi?"

Kurudi ni afadhali kidogo, kama masaa kumi na nne, kwa sababu upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege mgongoni. Lakini yale masaa nane wanakudai. Unatoka huko mchana, unatua Nairobi kesho yake asubuhi. Nilitaka kueleza haya kwenye grupu. Nimetolewa. Kumpokea mama amepewa shemeji wa Thika, yule ambaye hata matanga huchelewa.