Keki, Breki na Feki

Katika maneno yote ambayo Kiingereza kimeyashusha kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, feki ndilo linalochapa kazi kuliko mengine. Kipili, bandari ndogo ya Wilaya ya Nkasi inayopokea bidhaa zinazoshuka kutoka Sumbawanga kupitia Namanyere, neno hili halipumziki: betri feki, chaja feki, raba feki, mchumba feki. Walinzi wa lugha hulikunjia uso. Husema ni uvivu wa ulimi, maana bandia tunalo na kughushi tunalo. Naona wanalionea. Feki limekaa kwetu likabadili tabia: kwa Mwingereza linauliza kitu kimetoka wapi, kwa mtu wa mwaloni linauliza kimefanya nini. Swali hilo la pili ndilo lenye akili zaidi, ingawa kuna mahali linachelewa, nami sitapafichia.

Tuanze na umbo. Mwingereza huliandika f-a-k-e, na ile e ya mwisho haitamkwi. Imekaa pale kama mjumbe wa kikao asiyechangia hoja lakini posho anasaini. Kiswahili hakina bajeti ya herufi za namna hiyo. Kililipitisha neno kwenye mlango ule ule waliopitia keki na breki: sauti ya katikati ikafupishwa ikawa e moja, na mwishoni ikatiwa i inayotamkwa waziwazi, kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia kwenye irabu. Mtoto wa darasa la pili anasoma alichokiona, basi. Lilipoingia kwenye sarufi likaonyesha ukaidi wa kuchekesha. Kivumishi kama -zuri hubadilika kufuata nomino: mtu mzuri, kiatu kizuri, maji mazuri. Feki limekwenda kuketi na kina bora, safi na ghali, wasiobadilika kwa ajili ya yeyote: mtu feki, kiatu feki, maji feki. Yaani neno la kutaja udanganyifu ndilo lenye msimamo, na lile la kusifu ndilo linalojigeuza kila likikutana na mgeni.

Kichekesho kikubwa zaidi ni nasaba yake. Katika Kiingereza lilichipukia kwenye lugha ya wezi wa London, karne ya 18, na wataalamu hawajakubaliana lilitoka wapi kabla ya hapo. Wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kufagia na kung'arisha, na mtu aliyewahi kuona saa feki ikimeremeta juani hatawabishia. James Hardy Vaux, mwizi wa Kiingereza aliyepelekwa Australia kutumikia adhabu, aliliingiza katika orodha ya maneno ya wahalifu aliyoiandika mwaka 1812. Hata yeye, mwenye ujuzi wa kazi, alikiri kwamba lina matumizi mengi mno kiasi cha kuhitaji kuelezwa kwa mifano. Moja ya maana zake ilikuwa kuiba. Kwa hiyo neno tunalolitumia kukataa vitu visivyo na asili, lenyewe halijathibitishiwa asili. Kwa kipimo cha nasaba, feki ni feki.

Kipimo cha kazi ni kingine. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali kazi hulala. Betri yake ikiwasha taa hadi alfajiri, hakuna atakayeigeuza kutafuta kosa la tahajia katika jina la kampuni. Ikizima saa sita usiku, hiyo ni feki, iwe na muhuri, iwe na risiti. Dagaa hawasomi lebo. Sasa litazame bandia: meno bandia, mguu bandia, nywele bandia. Mzee anayetafuna muhindi kwa meno ya kutengenezwa ana meno bandia; siku yatakapobaki kwenye muhindi, wajukuu watayaita feki. Bandia limekiri tangu mwanzo kwamba ni mbadala, feki limeahidi likashindwa. Kughushi ni kitendo cha anayeiga saini, na hewa, lile la mtumishi hewa, ni la asiyekuwepo kabisa. Feki yupo, anaripoti mapema, na tatizo linaanzia hapo.

Itazame pia meli ya Liemba, ambayo Kipili imekuwa mojawapo ya vituo vyake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Mtu wa nasaba angepekua nyaraka na kukuta jina lisilo la kuzaliwa, uraia uliobadilishwa na miaka kadhaa ya kuishi chini ya maji bila maelezo. Abiria aliona chombo kinachoelea. Sijui mtu aliyewahi kukiita feki.

Mpinzani atasema serikali haikubaliani nami. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kuzima simu feki usiku wa 16 Juni 2016, na kipimo kilikuwa nasaba: bonyeza *#06#, isome namba ya utambulisho. Simu zilizokuwa zikipiga, zikipokea na kumulika njia ya chooni zilizimwa zikiwa na afya njema. Aprili 2017 Rais John Magufuli akakabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na nchi nzima ikaviita vyeti feki. Je, mtumishi aliyefanya kazi vizuri miaka yote naye ni feki? Wananchi walijibu kwa namna walivyosema: walichokiita feki ni cheti. Kazi ya cheti ni kusema kweli kuhusu aliyesoma, na hicho kilishindwa kazi hiyo siku ya kwanza. Vivyo hivyo namba ya simu: kazi yake ni kuitambulisha simu moja tu, na isiyoitambulisha imefeli, hata kama spika inatoa muziki wa kutosha harusi.

Hoja ngumu kweli ni ya mbegu na dawa. Mkulima wa mahindi wa Ufipa akisubiri mbegu ishindwe ndipo aiite feki, mvua zitakuwa zimekwisha, na jina hilo halitamjazia ghala. Mgonjwa naye huenda asipate nafasi ya kulalamika. Hapa nakubali: pale ambapo kushindwa kunagharimu msimu au uhai, lazima nasaba itangulie, na ndiyo kazi ya lebo za TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Lakini hata lebo haiheshimiwi kwa uzuri wa karatasi. Ni dhamana ya kazi ambayo bado hatujaiona, na mahindi yasipoota, mkulima hataikata lebo aitie kwenye fremu.

Neno feki halina hatari ya mbegu; kushindwa kwake kungegundulika papo hapo kaunta. Halijashindwa. Wanaotaka kulifukuza walete kwanza neno jingine, fupi kama hilo, ambalo muuza duka akilisikia mbele ya wateja wengine atainama mwenyewe kufungua droo ya hela.