Kwa Heshima ya Kinyesi cha Mbwa

Ng'ombe ana majigambo yake, ngamia na paa wana utenzi wao, na kuku hakuna harusi inayopita bila kutajwa. Kinyesi cha mbwa hakijapata hata beti moja. Kinachopata ni laana, tena za haraka haraka, kutoka kwa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja akisugua kiatu kwenye ukingo wa mtaro. Dhuluma hii imekithiri. Leo nakitetea, na aliye mezani aniwie radhi, au amalize kula kwanza.

Nianze na cheo, maana sisi ni watu wa vyeo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, najisi zina madaraja. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume ambaye hajaanza kula hunyunyiziwa maji, basi. Nyingine huoshwa mpaka ziondoke. Lakini ya mbwa imekaa daraja la juu kabisa, mughaladha, na mahali ilipogusa hapatohariki mpaka paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mara saba! Wapo mawaziri wanaozunguka mikoani ambao hawajawahi kupokewa kwa itifaki ya namna hiyo.

Kazi nayo kimefanya, tena ya kiwandani. Katikati ya karne ya 19, Henry Mayhew, mwandishi aliyezunguka London akiwahoji maskini wa jiji lile, alikuta watu wanaoishi kwa kuokota kinyesi cha mbwa barabarani. Walitoka na kapu lenye mfuniko na glavu nyeusi ya ngozi mkono wa kulia, ingawa wengi waliiacha glavu nyumbani, wakisema kuosha mkono ni rahisi kuliko kuosha glavu. Mali ilipelekwa Bermondsey kwenye viwanda vya ngozi, ikatumika kulainisha ngozi nyororo za kushonea glavu na kujalidia vitabu. Basi bibi wa London aliyempita muokotaji akijiziba pua, huenda glavu aliyozibia pua ilipitia humo humo.

Kiliuzwa kwa ndoo, na kile kikavu chenye chokaa ndicho kilicholipwa zaidi. Wajanja wakaanza kubandua lipu ya kuta za zamani na kuichanganya humo ili mzigo uonekane wa daraja la kwanza. Hapo ndipo mimi niliposalimu amri. Sisi tunachakachua petroli, tunachakachua maziwa, tunachakachua asali. Hakuna mtu anayejisumbua kuchakachua kitu kisicho na thamani.

Paris ilikipa usafiri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jacques Chirac akiwa meya, pikipiki maalumu zenye kifyonzi zilipita kando ya barabara zikikivuta, mpaka mwanzoni mwa karne hii jiji likachoka na gharama, likaona nafuu ni kumbana mwenye mbwa kwa faini. New York ilikuwa imeshafika huko: sheria ya kumtaka mwenye mbwa aokote mwenyewe ilianza kutumika Agosti 1978. Ukumbuke mwaka huo.

Kwetu hakina pikipiki. Kina wapita njia. Pita mitaa ya Mikocheni au Mbezi Beach, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba wa watu katoka na mbwa wake wa kizungu, trakisuti safi, kamba mkononi. Mbwa anazunguka mara mbili, anakunja mgongo, anatulia. Hapo hapo baba anashikwa na hamu kubwa ya elimu ya anga. Anaangalia minazi, anaangalia nyaya za umeme, anakagua simu ambayo haijalia. Kamba kaishika kwa vidole viwili, kana kwamba ameombwa tu amshikie jirani mbwa wake. Mbwa akimaliza anaparua mchanga kwa miguu ya nyuma, mateke mawili matatu, na kati ya wale wawili ni yeye peke yake aliyejaribu kufanya kitu.

Ukimuuliza baba, atakwambia habari ya mifuko. Serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, yeye afanyeje? Tangu tarehe hiyo samaki wamepata namna ya kufungwa, karanga zimepata, mkaa umepata, hata mchuzi wa maharage umepata. Kilichokosa chombo nchi nzima ni hiki kimoja, na jikoni kwa huyo huyo baba kuna mifuko ya karatasi ya unga wa ngano, magazeti ya tangu mwaka juzi na, nyuma ya mlango, koleo.

Lakini kinyesi hakinung'uniki. Kinakaa pale kilipoachwa na kusema kweli. Mtaani kwetu mama mmoja aliamka akakuta mzigo mbele ya geti lake. Hakupiga kelele. Alitafuta kijiti, akauchambua mbele ya majirani, akatoa humo kitambaa cheupe chenye mistari miwili ya bluu. Akakiweka juu ya gazeti, akavuka barabara.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Njema. Samahani, yule mbwa wenu mwekundu jana alilala wapi?"

"Ndani. Huyo hatoki. Geti tunafunga saa moja."

"Haya. Na mjukuu wako hajapoteza soksi ya shule?"

Mzee alikuwa bado anatafuta jibu, mtoto akaitikia kutoka ndani: "Babu, imepatikana?"

Nionyesheni shahidi mwingine wa aina hiyo. Hahongeki, haombi nauli ya kuja mahakamani, na hakuna wakili atakayemtoa kwenye mstari. Mzee yule kwa miaka yote alikuwa ameapa, na pale getini kwake pameandikwa MBWA MKALI, herufi nyekundu, kuthibitisha kwamba mbwa yuko ndani. Soksi ikafuta maandishi yote.

Huo nao ni ushahidi mdogo. Makubwa kinayasema juu ya mbwa mwenyewe, tena kila siku, bila ada ya kumwona daktari. Kikiwa cheupe na kikavu, ukikigusa kwa koleo kinavunjika, basi mbwa analishwa mifupa na mifupa tu. Yule anayetamba buchani kwamba mbwa wake anakula kuliko watoto wa watu, kimemuumbua. (Bermondsey wangekilipa vizuri.) Kikiwa cheusi ti na kinanata, kuna damu inavuja tumboni au kwenye utumbo mwembamba, na miongoni mwa washukiwa wa kwanza ni safura, minyoo midogo inayong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya mpaka fizi za mbwa zinapauka. Ukiona vipande vyeupe vinajisogeza juu yake, hao ni tegu, na tegu huyo mbwa humpata kwa kummeza kiroboto akijiuma na kujilamba. Kumpa mbwa dawa ya tegu na kuwaacha viroboto kwenye banda ni kujipa kazi ya kudumu.

Mtoto wa mbwa akiharisha maji yenye damu na harufu ya kuwafukuza watu, anatapika, bakuli halitazami, usingoje Jumatatu. Hiyo huenda ni parvo. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mbwa mwaka ule ule wa 1978, ikaizunguka dunia kwa kasi, na virusi vyake hudumu kwenye udongo miezi mingi baada ya kinyesi chenyewe kutoweka. Chanjo ipo. Huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mbwa afikishe wiki 16. Walio wengi huchanja mara moja, wakatunza kadi vizuri sana, na kuja kushangaa mbwa kafa na kadi anayo.

Jambo moja tu nalitoa kwenye mashtaka yake, kwa haki. Kichaa cha mbwa hakimo humu. Hicho hukaa kwenye mate na hupitia jeraha la meno, ndiyo maana hakuna kinachochukua nafasi ya chanjo, na aliyeumwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hilo mtukufu wetu ni safi, na ni safi kwa hilo peke yake.

Nani basi anayezisoma habari zote hizi? Mbwa wengi wa kwetu hawana mwenyewe, wana mwajiri. Kaajiriwa kubweka usiku, mshahara wake ugali wa pumba na vichwa vya dagaa, likizo hana, na kinachotoka nyuma yake ni shauri la mtaa. Anayeokota hana budi kuinama akatazama, na anayetazama kila asubuhi humjua mbwa wake kabla daktari hajaitwa. Ndiyo maana nasema hakuna cheti cha umiliki kinachokishinda kile kilichomo kwenye ule mfuko wa unga.

Hapa nalazimika kugombana na wahenga, kwa adabu. Walisema mavi ya kale hayanuki. Kwa upande wa harufu hawakukosea. Lakini kinyesi cha leo asubuhi, mayai ya minyoo ya mviringo yaliyomo bado ni machanga, hayajaweza kumwambukiza mtu. Yanataka wiki mbili hadi nne za kuiva udongoni. Kufikia hapo mzigo umeshasambaratika, mvua imeupitia, majani yameota vizuri, na mtoto wa miaka mitatu kakaa pale pale anapakua mchanga kwa kizibo cha soda na kuuonja. Mayai hayo hudumu kwa miaka. Yakimezwa, minyoo michanga hutoboa utumbo na kutangatanga kwenye ini na mapafu, na mara chache kwenye jicho, ambako huweza kumwondolea mtu uwezo wa kuona. Watoto wa mbwa wenyewe huipata mapema zaidi, tumboni mwa mama yao, ndiyo sababu dawa yao huanza wakiwa na wiki mbili, wakati mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu hivi.

Safura haina subira hiyo. Kwenye mchanga wa joto wenye unyevu na kivuli, kama ule ulio chini ya miti ya ufukweni, wiki moja yatosha. Tena haingoji kumezwa: inapenya unyayo, au makalio ya aliyejinyoosha ufukweni bila kanga, ikachora chini ya ngozi mstari mwekundu unaopindapinda na kuwasha usiku kucha. Inazurura hivyo kwa sababu mwili wa mtu si njia yake na haijui pa kutokea. Wapo watalii waliorudi kwao na mchoro huo. Hakuna kinyago cha pwani kinachosafirishwa kwa urahisi hivyo.

Na Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako mbwa huishi bega kwa bega na watu na mifugo, tegu mwingine asiyefika hata sentimita moja, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi, amewapeleka wengi kwenye chumba cha upasuaji, wakatolewe mafuko ya maji yaliyokuwa yakikua kwenye ini polepole kwa miaka. Eneo lile limewahi kuhesabiwa miongoni mwa yenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula matumbo mabichi. Lile ini lenye malengelenge unalomrushia mbwa siku ya kuchinja, ukidhani umemfanyia hisani, ndilo mwanzo wa safari yote.

Malipo kinayoomba kwa utumishi huu hayafiki hata posho ya kikao. Kiokoteni kwa koleo, kifukieni kwenye shimo lenye kina, mbali na kisima na mbali na tuta la mchicha, maana hiki si samadi ya ng'ombe. Au kifungeni mkitupe na taka. Mtaroni kisiende. Mtaro wa Dar es Salaam unajulikana unaishia wapi, na wanaoogelea huko ni nyinyi nyinyi.

Wapo watakaosema kwao mambo ni shwari, kinazolewa kila alfajiri. Kweli, kinazolewa, na kijana wa bustani, ndala miguuni, mkono mtupu, kwa kipande cha boksi. Jirani yangu alimwita daktari wa mifugo aje na dawa ya minyoo. Mbwa akapimwa uzito, vidonge vikahesabiwa kwa kilo zake, nusu ya kidonge ikabaki mkononi mwa daktari. Kijana aliyekuwa kamshika mbwa shingoni akauliza, kwa heshima zote, kama na yeye anayezoa kila siku dozi yake ipo. Daktari akamwambia ipo, ila ya binadamu inauzwa duka la dawa, na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Mwenye nyumba, mtu wa magari mawili, akataka kujua kama ile nusu ya mbwa haiwezi kumtosha.