Jinsi ya Kupinda Konrodi Kimyakimya

Kwanza uwe Marekani, tuseme Iowa, ambako ethanoli ya mahindi si kitu adimu, na uwe na gari la tabo. Pampu imeandikwa E85. Amini kwamba ni ethanoli asilimia 85 kila siku ya Mungu. Viwango vya huko vinaruhusu ethanoli iwe kati ya asilimia 51 na 83, na wakati wa baridi huipunguza, maana injini hukataa kuwaka asubuhi. Kihisi cha kupima ethanoli kipo madukani, lakini pesa hiyo itanunua stika nzuri sana.

Injekta ziache zilezile. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta; E85 huhitaji kama 9.8 tu, kwa hiyo injini inakunywa mafuta zaidi kwa hewa ileile. Pampu ya mafuta ya gari ikishindwa katikati ya mwendo, lawama mpe aliyekuuzia tabo.

Sasa taimingi, hapa ndipo penye utamu. Kwenye petroli, ukiwahisha cheche kupita kiasi injini hugonga, nawe unairudisha nyuma kwa aibu. Ethanoli haina kelele hizo. Inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi na kuipoza hewa ndani ya silinda, na yenyewe ni ngumu kulipuka ovyo. Basi ongeza digrii mbili: kimya. Mbili tena: kimya. Wapo watakaokuambia usimame pale torki inapoacha kupanda, ili presha ya silinda ifike kileleni kama digrii 15 baada ya pistoni kupita juu kabisa. Hao ni waoga waliozoea kulipia mashine ya kupimia nguvu. Wewe una masikio.

Endelea, mpaka moto uanze kuisukuma pistoni chini ilhali bado inapanda. Torki itashuka, sema ni kilima. Kihisi cha kugonga kwa injini hakitalalamika, kwa kuwa hakuna kilichogonga. Anayeumia ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, na konrodi haikufungiwa kihisi.

Ukijikuta usiku mbali na E85, jaza petroli ya kawaida, na ramani ya taimingi usiiguse. Hapo injini itagonga kweli. Ongeza sauti ya redio.