Paka wa Ndia Kuu na Kinda la Kunguru

Paka mmoja wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, alizaa watoto watatu ndani ya kapu bovu la mvuvi. Wawili hawakukaa. Wa tatu, dume la rangi ya majivu, alikuwa ndiyo kwanza afumbue macho, kusi ikielekea ukingoni, mama yake alipoteremka Bandari ya Kale kutafuta matumbo ya samaki. Nyuma yake Kunguru akatua barazani. Alikuwa katika wale wenye shingo ya kijivu, asili yao Bara Hindi, ambao leo hakuna paa la mji wasilolikalia. Mama aliporudi, alimkuta mwanawe ana jicho moja.

Kunguru hakujificha. Alikaa juu ya mlango wa nakshi, akapangusa mdomo wake kwenye ubao, akasema, "Shukuru, nimekuachia la pili."

Paka wa mtaa wakajaa. Kila mmoja alikuja na shauri, na hakuna aliyekuja na kichwa cha dagaa kwa ajili ya mgonjwa. "Damu kwa damu, dada!" "Usipomkomesha leo, kesho atakukalia kichwani!" Watu wa namna hii nimewaona matangani na kwenye ugomvi wa mirathi. Hukunoa mpaka ukawa wembe, kisha wakasogea kando wasije wakakatika.

Usiku ule Paka hakulala. Alizinoa kucha kwenye boriti ya mkoko iliyoanguka hadi maganda yakamwagika chini, na wanaomwita mwoga hawakumwona saa ile. Halafu akapanda hadi ukutani mwa Ngome ya Yesu, kwa bibi kizee wa ukoo wao, akamweleza.

"Ngome hii ilianza kujengwa 1593," bibi alisema. "Sultani Hassan wa Mombasa aliuawa kwa hila ya Wareno, mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo. Alirudi kutawala. Agosti 1631 akaingia humu, akamuua kapteni wao, akaua na wengine wengi. Haukutimia mwaka, akaiacha ngome na mji, akaishia kuwa haramia baharini. Wareno wakarudi wakakaa. Hawakuondoka mpaka Desemba 1698, Waomani walipowatoa baada ya kuwazingira miezi 33."

"Bibi, baba yake aliuawa. Angefanya nini?"

Bibi kizee alinyamaza kitambo. "Sijui, mjukuu wangu. Nijualo ni kwamba mji ulibaki bila mfalme wake."

Mvua za vuli zikaja na upepo wake. Alasiri moja kinda la Kunguru likaporomoka kutoka mwarobaini, likaanguka puu mbele ya baraza. Paka alilifikia kwa mruko mmoja, akalibana chini ya kiganja. Lilikuwa halijaota manyoya tumboni, ngozi imelowa, na moyo wake ulipiga chini ya kucha kwa kasi hata usingeweza kuuhesabu. Lilimtazama likaachama kinywa chekundu, likidhani analetewa chakula.

Juu, Kunguru alilia sauti ambayo mtaa haukupata kuisikia kwake. Chini, paka wakapiga kelele: "Mungu amekutilia mkononi! Maliza!"

Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Tunachokiweza tunakiita idhini ya Mungu. Paka aliitazama ile ngozi iliyolowa, akajiuliza ni lipi kosa la huyu. Akaondoa kiganja, kucha moja baada ya nyingine, akarudi nyuma hatua tatu.

"Sikiliza," alimwambia Kunguru, na hakupunguza sauti. "Sijakusamehe, wala deni lako sijalifuta. Nimekushitaki kwa Asiyesinzia, na kesi nimemwachia Yeye."

Kaskazi ikavuma, ikapita. Kunguru akanenepa. Mtaa ukamcheka Paka, na ziko siku ambazo yeye mwenyewe alitazama juu akaona mbingu kimya. Lakini alikuwa paka wa bandarini. Alizisikia habari za majahazi ya zamani, yaliyokuja Mombasa kwa kaskazi na kurudi Uarabuni kwa kusi: nahodha angeweza kuwa na deni la kumkosesha usingizi kule Maskati, na bado hakung'oa nanga kabla ya upepo wake. Akingoja, alipaka jahazi lake mafuta ya sifa na kushona tanga. Paka naye alimlea mwanawe, akamfundisha kugeuza shingo upande usioona.

Vuli ya pili, Kunguru alikuwa akijenga kiota kwa nyaya alizoiba uani mwa watu, kama ilivyo desturi yao. Waya mmoja ukamnasa mguu. Akaning'inia kichwa chini juu ya baraza ileile, akipigapiga mbawa hadi akachoka.

"Mama, ndiye?" akauliza mwana.

"Ndiye."

"Tupande?"

"Kula, mwanangu. Samaki anapoa."

Kunguru kijana akaja akatua juu ya tawi. Paka alimtambua. Kijana aliushika waya kwa mdomo, akauvuta, akaupinda, akaurudia tena na tena mpaka jua likaegemea magharibi, na baba yake akaanguka barazani, mguu umevunjika.

Kunguru alimtazama mwanawe, akamtazama Paka. Kisha akajikokota kwa mguu mmoja, akapita mbele ya lile jicho moja, na hakuweza kuliangalia.