Mwongozo wa Kuruka kutoka Masasi hadi Mtwara, kwa Mkazi wa Kitangari

Zama za kuuliza "gari linatoka saa ngapi?" zimepita. Msafiri wa kisasa huuliza umbali wa anga kati ya kiwanja na kiwanja. Ndugu msafiri wa Kitangari, fuata hatua hizi, nawe utafika Mtwara kabla chai haijapoa.

1. Chagua viwanja. Kitangari haina kiwanja cha ndege, lakini hilo lisikukwaze. Programu ya simu haina haja ya kujua unalala wapi. Andika Masasi, kisha Mtwara, bonyeza.

2. Pokea jibu. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 160. Barabara ya lami, kupitia Mtama na Mnazi Mmoja, ni kama kilomita 200. Umeshaokoa kilomita 40, na bado umekaa chini ya mkorosho. Ukitaka heshima kijiweni, sema "maili za baharini 86". Mzee akiuliza bahari gani, mwambie hayo ni mambo ya kitaalamu.

3. Piga hesabu ya muda. Chukua Bombardier Q400, ndege ya pangaboi ya abiria 76 ambayo shirika la ndege la ATCL huirusha mikoani. Ikienda kilomita 600 kwa saa, safari ni dakika 16. Ongeza nusu saa ya kutambaa kiwanjani, kupaa na kutua: dakika 46. Usiulize tiketi yake inakatwa wapi. Hesabu hii inahitaji namba mbili na alama ya kugawanya. Ndege yenyewe si lazima.

4. Nenda kiwanjani. Unaweza kuzungukia Newala, au ukateremka hadi Mtama kwenye lami. Hapo Mtama uwe macho, maana basi la Mtwara litasimama mbele yako na konda ataita, "Mtwara! Mtwara! Siti zipo!" Usidanganyike. Vuka barabara, upande basi linalokwenda Masasi, uipe Mtwara mgongo. Saa utakazotumia hapa usizihesabu, maana programu nayo haikuzihesabu.

5. Furahia mandhari. Mstari wa Masasi–Mtwara unapita kilomita chache tu kaskazini mwa Kitangari. Yaani, baada ya kuhangaika tangu alfajiri kuikimbia nyumba yako, utairudia kwa dakika sita hivi, ukiwa juu. Kama ni msimu, utamwona mama akianika korosho. Mpungie mkono. Usimwombe rubani akushushe.

6. Ukitua, tangaza kwamba umetumia dakika 46. Shemeji akikuuliza mbona uliaga jana, badilisha mazungumzo, uliza bei ya korosho.

Ndege ina kazi yake. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 400 angani na takribani saa moja ya kuruka, ilhali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550, hata baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003. Hapo nauli ya ndege inajitetea. Lakini umbali wa anga hupimwa kiwanja hadi kiwanja, na msafiri hutoka mlangoni kwake. Kwa hiyo, kabla ya kuiuliza simu, muulize konda. Na akikuitia Mtwara pale Mtama, panda.